Busole na saa ya zigizaga: namna meli zilikwepa torpedo wakati wa vita

Kwa kawaida kazi ya busole, ao dira kama vitabu vinavyoiita, ni moja: kusaidia meli kushika njia iliyonyooka. Lakini katika vita kubwa mbili za karne ya 20, ya 1914-1918 na ya 1939-1945, busole ilipewa kazi iliyo kinyume. Ilitumiwa kusudi meli isiende sawasawa. Kila dakika chache mshika usukani alipinda kuume, kisha kushoto, kisha akarudia njia ya katikati, kufuata mpango ulioandikwa na namba. Mwendo huo uliitwa zigizaga. Vyombo vyake vilikuwa busole, ubao wa mpango na saa yenye kengele.

Jambo hili linaonekana kuwa mbali na watu wa Kivu, Ituri, Tanganyika ao Katanga. Kumbe si mbali sana. Meli zilizobeba mali ya Congo zilipita katika bahari ileile, na kesi kubwa kuliko zote juu ya zigizaga inahusu meli iliyokuwa imetoka kushusha mzigo ambao asili yake ni udongo wa Shinkolobwe.

Kwa nini kupindapinda

Nyambizi, yaani meli inayotembea chini ya maji, ilikuwa na shida moja kubwa: ikiwa imezama ilikwenda polepole. Nyingi za wakati ule hazikufikisha kilomita 15 kwa saa chini ya maji, tena kwa muda mfupi tu, juu ya betri zake kuisha. Haikuweza kufukuza meli. Ilipaswa kwenda mbele, kuvizia, na kutupa torpedo kufika mahali ambapo meli itakuwa, si mahali ambapo iko. Mwindaji anayetupa mshale kwa swala anayekimbia anaelewa hesabu hii bila kufundishwa.

Tuseme nyambizi iko metre 1,500 kutoka kwa meli. Torpedo inakwenda karibu kilomita 55 kwa saa, basi inahitaji dakika moja na nusu hivi kufika. Meli ya mizigo inayokwenda kilomita 22 kwa saa itakuwa imesogea metre 600 kwa muda huo. Meli yenyewe ina urefu wa metre 100 ao 150. Kwa hiyo kapiteni wa nyambizi sherti ajue vitu vitatu: umbali, mwendo, na upande ambao meli inaelekea. Akikosea kimoja, torpedo inapita mbele ao nyuma ya meli.

Zigizaga iliharibu hicho kitu cha tatu. Kapiteni anaangalia kwa periskopi, anafanya hesabu, anasogea polepole kutafuta nafasi nzuri. Kisha ghafla meli inapinda digrii 25 na hesabu yote inaanza upya. Hata rangi ilitumiwa kwa shabaha hiyohiyo. Kuanzia 1917, Waingereza walipaka meli mistari mikubwa nyeusi, nyeupe na ya buluu, wazo la mchoraji Norman Wilkinson. Haikuwa ya kuficha meli. Ilikuwa ya kumdanganya adui asijue meli inaelekea wapi.

Somo lilinunuliwa kwa damu. Tarehe 22 Septemba 1914 meli tatu za vita za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, zilikuwa zinakwenda polepole na kwa mstari ulionyooka karibu na pwani ya Uholanzi. Nyambizi moja tu ya Ujerumani, U-9, ilizizamisha zote tatu asubuhi moja. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Mei 1915, ilizama Lusitania karibu na Irlande na watu karibu 1,200 wakapotea. Kapiteni wake, William Turner, aliulizwa sana kwa nini hakupiga zigizaga. Alijibu kwamba alielewa mwendo huo ni wa kuanza pale nyambizi inapoonekana. Lakini ile ambayo imeonekana si ile inayoua. Inayoua ni ile ambayo bado haijaonekana, na ndiyo sababu baadaye zigizaga ilifanywa hata kama bahari iko kimya.

Busole inayochanganyikiwa

Sasa tuje kwa chombo chenyewe. Busole ya meli si kama ile ndogo ya mfukoni ambayo maskauti wanabeba. Ni bakuli lililojaa maji yaliyochanganywa na alkoholi yasigande, na ndani yake kunaelea sahani ya duara yenye digrii 360 na sumaku chini yake. Bakuli linaning'inia katika pete mbili ili libaki sawa hata meli ikiyumba. Kwenye ukingo kuna alama moja inayoonyesha pua ya meli. Sahani haizunguki, inabaki kutazama kaskazini. Ni meli ndiyo inazunguka kandokando yake. Mshika usukani anasoma namba iliyo mbele ya ile alama.

Shida ya kwanza ni chuma. Meli yote ni chuma, na chuma kinavuta sumaku. Tena hakivuti sawasawa pande zote: meli ikielekea mashariki kosa ni hili, ikielekea kusini kosa ni lingine. Karne ya 19 mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitengeneza busole yenye matunda mawili ya chuma pembeni na sumaku ndogo ndani ya sanduku lake ili kupunguza kosa hilo. Lakini halikuisha kabisa. Kosa lililobaki liliandikwa kwenye karatasi, upande kwa upande, na karatasi ikabandikwa karibu na usukani.

Kwa meli inayokwenda njia moja siku nzima, hiyo si kazi kubwa: unasahihisha mara moja basi. Kwa meli inayopiga zigizaga, kila kona ina kosa lake. Ofisa aliyepanga njia alipaswa kuhesabu namba ya busole ya kila kipande cha mpango mbele ya wakati, kuziandika, na kumpa mshika usukani namba zilizo tayari. Kuhesabu palepale, usiku, taa zote zimezimwa, ni kutafuta ajali.

Shida ya pili ni yale maji ndani ya bakuli. Meli ikigeuka kwa haraka, maji yanavutwa kidogo na bakuli, na sahani inavutwa na maji. Mshika usukani mgeni anaona busole inasema bado hajafika, anaendelea kupinda, kumbe amekwisha kupita. Wazee wa kazi walijua kungoja sahani itulie.

Halafu vita ya pili ilileta shida ya tatu. Ujerumani ilitega mabomu ya bahari yanayolipuka kwa kusikia sumaku ya meli. Dawa yake ilikuwa kuzungusha waya za umeme kandokando ya meli nzima ili kufuta ile sumaku. Dawa ilifaa, lakini umeme huo ulisukuma busole pia. Sherti kuongeza waya zingine ndogo kwenye sanduku la busole ili kurudisha mambo sawa. Unafunga tundu moja, lingine linafunguka.

Meli kubwa zilipata njia ya kutoka. Mwaka wa 1908 Mjerumani Hermann Anschütz-Kaempfe alitengeneza busole isiyotumia sumaku hata kidogo, na mwaka wa 1911 Mmarekani Elmer Sperry aliweka yake ndani ya meli ya vita Delaware. Hiyo inatumia gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa. Mzunguko wa dunia wenyewe unalisukuma mpaka mhimili wake unatazama kaskazini ya kweli. Chuma hakiisumbui. Tena inaweza kupeleka namba yake kwa waya mpaka kwenye busole ndogo zilizowekwa sehemu mbalimbali za meli, ili ofisa wa juu na mshika usukani wa chini wasome kitu kimoja. Kwa zigizaga hiyo ilikuwa faida kubwa. Ila ilikuwa ghali, na meli nyingi za mizigo zilibaki na bakuli lao la alkoholi mpaka mwisho wa vita.

Saa inayopiga kengele

Busole inasema upande, haisemi wakati. Ndiyo maana saa ya zigizaga ilitengenezwa. Kwa kuiangalia tu ungesema ni saa ya kawaida ya ukutani, ya shaba, yenye kioo. Tofauti iko kwenye ukingo: kulikuwa na pete ya chuma yenye vidole vidogo vinavyoweza kusogezwa. Ofisa alichukua mpango wa siku, tuseme wenye kona dakika ya 4, ya 12, ya 20 na kadhalika, akaweka kidole kimoja kwa kila dakika hiyo. Mshale wa dakika ulipogusa kidole, umeme ulipita na kengele ikalia. Mshika usukani akasikia, akaangalia ubao, akasoma namba inayofuata, akapinda. Hakuhitaji kuangalia saa, wala kuuliza mtu. Macho yake yalibaki kwenye busole.

Mipango yenyewe ilikuwa mingi na kila mmoja una namba yake, katika kitabu cha siri. Kwenye msafara, meli ya kiongozi ilipandisha bendera zinazosema mpango fulani, kuanza saa fulani, na zote zikaanza pamoja. Hapo saa ilikuwa na uzito kuliko busole. Meli 30 zinazokwenda bega kwa bega, moja ikipinda dakika moja mbele ya wengine, inaweza kuingia ubavuni mwa jirani. Saa zote zililinganishwa kila siku. Misafara ya polepole sana mara nyingi iliacha kabisa kupiga zigizaga, maana hasara ilizidi faida.

Hasara gani? Njia ndefu na makaa. Anayepinda digrii 25 pembeni ya njia yake anapoteza karibu asilimia 9 ya mwendo wa kwenda mbele. Anayepinda digrii 45 anapoteza karibu asilimia 29. Safari ya siku kumi inakuwa ya siku kumi na moja ao zaidi, na kila siku ya ziada baharini ni siku nyingine ya kuviziwa. Maofisa wa meli walibishana juu ya hesabu hiyo mpaka vita ikaisha.

Queen Mary na Curacoa

Kuna siku zigizaga yenyewe iliua. Tarehe 2 Oktoba 1942, meli kubwa Queen Mary ilikuwa inakaribia Uingereza, kaskazini mwa Irlande, na askari wa Marekani karibu 10,000 ndani. Ilikuwa inafuata mpango namba 8, kwa mwendo wa karibu kilomita 53 kwa saa. Ukiondoa kona, ilikuwa inasogea mbele kwa kilomita 49 hivi. Meli ya vita Curacoa, ya zamani na yenye mwendo mdogo kuliko wake, ilitumwa kuilinda dhidi ya ndege. Curacoa haikupiga zigizaga. Ilikwenda sawasawa mbele, na Queen Mary ilikuwa inaikaribia kutoka nyuma, huku inapinda kuume na kushoto.

Kila kapiteni aliamini mwenzake ndiye atakayepisha. Wa Queen Mary alijua meli yenye mpango wa zigizaga haipaswi kuuacha, na ya kumlinda ndiyo inapaswa kujiondoa. Wa Curacoa alishika sheria ya kawaida ya bahari: anayepita mwingine kutoka nyuma ndiye anapisha. Mchana, hewa nzuri, watu wakiangalia, Queen Mary ilipinda kufuata mpango wake na kuikata Curacoa vipande viwili. Zaidi ya watu 330 walikufa. Waliopona ni 101. Queen Mary haikusimama kuwaokoa: amri ilikuwa isisimame kwa sababu yoyote, juu ya wale 10,000 waliokuwa ndani. Iliendelea, pua imepasuka, na meli zingine zikaja kuokota watu.

Habari ilifichwa mpaka vita ikaisha. Kisha kesi ikapanda. Mwaka wa 1947 tribinali ya kwanza iliweka kosa lote kwa Curacoa. Tribinali ya rufaa ikabadilisha: theluthi mbili kwa Curacoa, theluthi moja kwa Queen Mary, na mwaka wa 1949 hukumu hiyo ikathibitishwa na baraza la juu kabisa la Uingereza. Ile theluthi moja ndiyo iliruhusu familia za waliokufa kudai malipo kwa kampuni ya Queen Mary.

Meli zenye majina ya miji ya Congo

Kampuni ya Wabelgiji iliyounganisha Antwerp na Matadi iliita meli zake majina ya miji ya koloni. Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilipigwa torpedo Septemba 1917 karibu na kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, ikirudi kutoka Congo. Ndani mlikuwa na pembe za tembo, na ilisemekana almasi pia. Mwaka wa 1928 wazamiaji Waitaliano wa meli Artiglio waliifikia kwenye sakafu ya bahari na kutoa pembe nyingi. Almasi hawakuziona.

Léopoldville iliishi mpaka vita ya pili na kugeuzwa kuwa ya kubeba askari. Mabaharia wake walikuwa Wabelgiji na Wacongomani. Jioni ya tarehe 24 Desemba 1944, usiku wa kuamkia Noeli, ilikuwa inavuka kutoka Southampton kwenda Cherbourg na askari wa Marekani zaidi ya 2,200, ikizungukwa na meli za ulinzi. Nyambizi U-486 iliipiga ikiwa imebakiza kilomita 9 hivi kufika. Askari 763 walikufa, pamoja na kapiteni Charles Limbor na mabaharia kadhaa, Wacongomani wakiwemo. Maji yalikuwa baridi ya kuua. Maelezo ya tukio hilo yalifungiwa kwa miaka mingi, na majina ya mabaharia weusi hayasikiki sana hata leo wakati wa kumbukumbu.

Indianapolis

Kesi inayojulikana kuliko zote ni ya meli ya vita ya Marekani, Indianapolis. Julai 1945 ilibeba kwa siri vipande vya bomu la atomiki pamoja na uranium mpaka kisiwa cha Tinian, ikafika tarehe 26. Ni bomu lile lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti. Sehemu kubwa ya uranium ya mradi huo wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa Union Minière. Wachimbaji waliotoa mawe yale hawakuambiwa ni ya kazi gani.

Baada ya kushusha mzigo, Indianapolis iliendelea na safari peke yake, bila meli ya kuilinda. Kapiteni Charles McVay alikuwa na ruhusa ya kupiga zigizaga kadiri anavyoona inafaa. Mchana ilipiga. Usiku wa tarehe 29 mawingu yalifunika anga, akaamuru kwenda sawasawa. Baada tu ya saa sita ya usiku, nyambizi ya Japani I-58 iliiona wakati mwezi ulipotokeza, ikatupa torpedo sita, mbili zikapiga. Meli ilizama kwa dakika 12. Ndani walikuwa karibu watu 1,200. Karibu 900 waliingia majini wakiwa hai. Hakuna aliyewatafuta: kwenye bandari iliyowangojea hakuna aliyepiga alarma meli ilipochelewa. Walikaa siku nne majini, kwa jua, kiu na papa, mpaka ndege moja ikawaona kwa bahati. Waliopona ni 316.

Jeshi la majini lilihitaji mtu wa kubeba mzigo huo. Desemba 1945 McVay alipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi, akahukumiwa kwa kuhatarisha meli kwa kutopiga zigizaga. Kufika hapo jambo la ajabu lilitokea: walioshitaki walimleta kama shahidi kapiteni Mjapani mwenyewe, Mochitsura Hashimoto, miezi michache baada ya vita. Aliulizwa kama zigizaga ingeokoa meli ile. Alisema hapana, isingebadilisha kitu, angeipiga tu. Ofisa mmoja wa nyambizi za Marekani naye alitoa ushahidi kwamba zigizaga haikumzuia sana mtu wa nyambizi mwenye uzoefu. McVay alihukumiwa hata hivyo. Marekani ilipoteza meli za vita mamia katika vita ile. Yeye ndiye kapiteni pekee aliyepelekwa tribinali kwa sababu adui alizamisha meli yake.

Adhabu ilifutwa mwaka uliofuata lakini hukumu ilibaki kwenye jina lake. Familia za waliokufa zilimwandikia barua za lawama, hasa siku za Noeli. Mwaka wa 1968 alijiua. Waliopona hawakukubali, kwa miaka mingi waliomba jina lake lisafishwe. Kilichofungua mlango ni kazi ya shule ya mtoto mmoja wa Florida mwenye umri wa miaka 12 hivi, ambaye aliwauliza wazee hao maswali na kukusanya karatasi zao mpaka Bunge likasikiliza. Mwaka wa 1999 Hashimoto, akiwa mzee, aliandika barua kwa wasenata akimtetea mtu ambaye meli yake aliizamisha. Alikufa Oktoba 2000, siku chache kabla ya uamuzi wa Bunge kusainiwa kwamba McVay hana kosa. Julai 2001 jeshi la majini liliongeza uamuzi huo kwenye faili lake.

Kwa upande wa vyombo, muda wao ulikuwa umekwisha kupita. Kufika 1943 Wajerumani walikuwa na torpedo zinazofuata sauti ya propela. Hizo hazijali kona, na meli zilianza kuvuta nyuma yao mashine za kelele ili kuzidanganya. Baada ya vita zilikuja nyambizi za nguvu ya atomiki, zenye uwezo wa kufukuza meli yoyote hata zikiwa zimezama. Saa za zigizaga zilitolewa ukutani. Nyingine ziko kwenye makumbusho, nyingine zinauzwa kwa watu wanaopenda vitu vya zamani, na kwenye baadhi yao vile vidole vidogo bado viko pale ofisa wa mwisho alipoviacha.

Mabaki ya Indianapolis yalipatikana Agosti 2017 katika bahari ya Ufilipino, kwenye kina cha karibu metre 5,500.